Mdogo wangu bado anabadilisha gia kwa mguu aliokatwa

Shikamoo Mwalimu,

Naishi Mbagala Charambe na mume wangu, watoto wetu na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 27. Mdogo wangu alikuwa bodaboda, kijiwe chake Rangi Tatu. Masika ya mwaka jana lori lilimbana pale Mtoni kwa Azizi Ally, akakatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Abiria wake alitoka na michubuko tu, tunamshukuru Mungu. Pikipiki ilivunjika taa na usukani, ikatengenezwa. Mkataba ulikuwa umebaki kidogo uishe, ndugu tukachangishana tukamalizia hesabu kwa bosi, kadi ikaandikwa jina lake.

Kidonda kimepona. Magongo anayo. Ila hatoki nje ya uwanja wa nyumba. Kila asubuhi kabla jua halijawa kali anachota maji ndoo moja na kuosha pikipiki. Si kuifuta vumbi, Mwalimu. Anaisugua mnyororo kwa mswaki wa zamani, anaingia kwenye spoku moja moja, anainama mpaka chini ya madigadi kule ambako hakuna mtu atakayeangalia. Akimaliza anabonyeza stata, anausikiliza mlio, anazima. Halafu anakaa mlangoni mpaka jioni.

Na kuna jambo linanitisha. Uchochoro wetu una kilima. Bodaboda yoyote ikipita inapanda, ukimwangalia mdogo wangu utaona paja la kushoto linanyanyuka kidogo, kama mtu anayebadilisha gia. Sidhani kama anajua. Usiku analalamika kidole gumba kinawasha, siku nyingine kinauma kama kimekanyagwa, na kidole hicho hakipo.

Kila mtu ana lake. Mama yuko Kilwa, anasema hili ni jini la barabarani, aletwe nyumbani asomewe. Mume wangu anasema anadeka, na anataka pikipiki iuzwe au apewe dereva mwingine alete hesabu, maana nyumba ina madeni. Mimi nasoma kozi ya jioni ya ushauri nasaha. Rafiki yangu wa darasani alikuja nyumbani, akamwona, akasema yuko kwenye hatua ya kwanza kati ya zile tano, ile ya kukataa ukweli. Akamwambia usoni: "Kaka, wewe uko huru. Ukiamua kuinuka utainuka, ukiamua kukaa utakaa, usimlaumu mtu." Alisema ndivyo falsafa ya udhanaishi inavyofundisha. Mdogo wangu aligeukia ukutani, na tangu hapo nami hanijibu vizuri.

Kweli mkufunzi wetu alitufundisha fenomenolojia na udhanaishi, lakini kwa jioni moja tu, na mtihani unakuja. Nilikuwa nafikiria kumwandika mdogo wangu kama mfano wangu. Sasa nakuuliza: anachofanya ni nini? Hizi falsafa zinaweza kunisaidia kumwelewa, au ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu huku Mbagala? Na pikipiki iuzwe?

Dada mtu, Mbagala

* * *

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa yaliyowafika.

Kila nikiisoma barua yako nakwama pale kwenye paja linalonyanyuka pikipiki ikipanda kilima. Umeona jambo dogo, ukaliandika kama lilivyo, hukulibandika jina. Nataka uendelee hivyo, kwa sababu hicho ulichofanya ndicho fenomenolojia inachoomba kwa mtu, na wengi wanaoisomea miaka mingi hawakifanyi.

Edmund Husserl, aliyekuja kufundisha Göttingen na Freiburg huko Ujerumani, alichapisha mwaka 1900 na 1901 kazi iliyoanzisha njia hii. Wito wake ulikuwa turudi kwenye mambo yenyewe. Maana yake, kabla hujasema jambo limesababishwa na nini, sema kwanza linajitokezaje kwa yule anayeliishi. Ili uweze kufanya hivyo unaziweka kando nadharia zako zote kwa muda. Hujazikataa, na hujazikubali. Umezitua chini tu ili mikono iwe mitupu.

Jini la mama, weka kando. Kudeka anakokusema shemeji yake, weka kando. Na hapa wengi wenye elimu wanateleza: zile hatua tano za rafiki yako nazo ziwekwe kando, sawasawa na jini. Elisabeth Kübler-Ross aliziandika katika kitabu cha mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanaelekea kufa wao wenyewe. Mdogo wako hafi. Ana miaka 27 na anatafuta namna ya kuendelea kuishi. Huwezi kuokota ngazi iliyojengwa kwa ajili ya watu wengine, ukamsimamisha kijana wa watu kwenye kipandio cha kwanza, kisha ukamlaumu kwamba hapandi.

Sasa tuje kwenye mguu. Madaktari wanajua siku nyingi kwamba mtu anaweza kuendelea kuhisi kiungo kilichokatwa. Silas Weir Mitchell, Mmarekani aliyetibu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikipa kitu hicho jina mwaka 1871, na tunajua kwamba wengi wa waliokatwa viungo hupitia hali hiyo. Kwa hiyo la kwanza: mdogo wako hajachanganyikiwa. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo, maana inawezekana usiku anaogopa kimyakimya kwamba akili inamtoka.

Mwanafalsafa aliyelitazama jambo hili kwa karibu ni Maurice Merleau-Ponty, Mfaransa, katika kitabu chake kuhusu utambuzi cha mwaka 1945. Wakati ule kulikuwa na majibu mawili. Wa upande wa mwili walisema ni mishipa ya fahamu iliyobaki inapeleka habari za uongo. Wa upande wa nafsi walisema ni kumbukumbu, mtu anakataa kukubali hasara. Merleau-Ponty alisema yote mawili yameshika pembe tu. Mishipa inahusika kweli, kwa sababu ukikata njia zake hisia zinaweza kutoweka. Mambo ya moyoni yanahusika pia, kwa sababu hisia zinaweza kuamshwa na tukio linalokumbusha ajali. Kitu kinachoyaunganisha hayo mawili ni kwamba mwili si mzigo wa nyama ambao mtu anaubeba. Mwili ndiyo njia yake ya kuwa duniani na kufanya mambo. Kuendelea kuwa na mguu usiokuwepo ni kubaki wazi kwa yale yote ambayo mguu ule ndio pekee ungeweza kuyafanya. Akatofautisha mwili wa mazoea na mwili wa sasa: mwili wa sasa umekatwa, mwili wa mazoea bado haujapata habari.

Mfikirie kijana ambaye kwa miaka amepita katikati ya daladala mbili Mbagala bila kupima kwa macho kama usukani utatosha. Hakupima kwa sababu alikuwa anajua kwa mabega yake. Merleau-Ponty anamtaja kipofu na fimbo yake: fimbo imeacha kuwa kitu anachokishika, imekuwa sehemu ya kuhisia, ncha yake ndiyo ngozi. Pikipiki kwa bodaboda aliyeizoea iko hivyo. Gia iko mguu wa kushoto. Mlio wa injini inayolemewa kilimani ukifika, hakuna mtu anayefikiri "sasa nitabadilisha". Mguu unajibu. Unachokiona pale mlangoni ni mguu ukiitwa na barabara na kujibu.

Kwa hiyo ninapowaza kuhusu ile ndoo ya maji na mswaki wa zamani, naona mtu anayetunza kile kilichosalia cha mwili wake. Shemeji yake anaona chombo cha kuuza. Lakini mwanangu, hiyo ni tafsiri yangu niliyoipata nikiwa nimekaa mbali, na kwa sheria niliyokupa mwenyewe, nayo iwekwe kando mpaka yeye aseme. Huenda anaiosha kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho bado anakifanya vizuri kuliko mtu yeyote hapo nyumbani. Huenda anaiandaa iuzwe kwa bei nzuri na hajapata wa kumwambia. Huenda ni sababu ambayo mimi na wewe hatuwezi kuibuni.

Utaijuaje? Usimuulize kwa nini. Swali la "kwa nini unaosha pikipiki kila siku" linamweka kizimbani, na mtu aliye kizimbani hujitetea au hunyamaza. Chukua kitambaa, keti chini, ufute tangi yeye akisugua mnyororo. Uliza ikoje. "Mlio wa leo ukoje?" "Kidole kikiwasha unakisikia wapi, mbele pale palipokuwa na mguu, au juu karibu na goti?" "Kutoka hapa mpaka duka la pale kona, siku hizi pakoje?" Hilo la mwisho nakusihi usiliache. Kwako duka liko pale pale. Kwake uchochoro ule una mchanga ambao gongo linazama, una mtaro usio na mfuniko, una wanawake kwenye ndoo za maji watakaosema "maskini, kijana wa watu". Kwa hatua za kuhesabu duka halijahama, lakini kwenye dunia anayoishi yeye limekwenda mbali sana. Ukimsikiliza vizuri, ramani ya Charambe itabadilika machoni pako, na utaona kuwa "hatoki" ni neno letu sisi tunaopita kirahisi.

Na kuhusu hao wanaosema "maskini". Frantz Fanon, daktari wa akili aliyezaliwa Martinique, aliandika mwaka 1952 jinsi mtoto mdogo wa Kizungu huko Ufaransa alivyomwona, akamwonyesha mama yake kwamba kuna mtu mweusi pale, na kwamba anamwogopa. Mpaka dakika ile Fanon alikuwa mtu tu anayekwenda zake. Jicho lile likamrudishia mwili wake kama kitu cha kutazamwa. Humo humo anamtaja askari mlemavu wa vita anayemshauri mtu mweusi aizoee rangi yake kama yeye alivyokizoea kigutu chake. Fanon alikataa ushauri huo kwa nguvu zake zote. Nadhani mdogo wako ameambiwa "utazoea" na kila aliyekuja kumpa pole. Aliyesema hivyo alikuwa na nia njema, na bado alikuwa anamwambia ajipunguze mpaka atoshe kwenye huruma ya watu.

Sasa rafiki yako. Simlaumu, yuko mafunzoni kama wewe. Lakini alichomwambia mdogo wako si udhanaishi. Ni nusu yake, na nusu hiyo peke yake inaumiza.

Ni kweli Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa Mfaransa wa udhanaishi, alifundisha kwamba binadamu kwanza yupo, halafu ndiyo anajifanya kuwa kitu fulani kwa anayoyachagua. Hakuna chapa aliyozaliwa nayo inayomwambia awe nani. Ni kweli pia alisema tunajihadaa tunapojifanya hatuna uchaguzi. Mfano wake wa mwaka 1943 ni mhudumu wa mgahawa anayeigiza uhudumu kupita kiasi, kana kwamba ni mhudumu kama vile meza ilivyo meza. Mdogo wako akisema "mimi ni kilema, basi", na akalifanya neno hilo kuwa yote aliyo, Sartre angemwambia anajihadaa. Lakini Sartre huyo huyo alisema kuna upande wa pili: mahali ulipozaliwa, mwili ulio nao, yaliyokwisha kutokea. Hayo hukuyachagua na huwezi kuyafuta. Mtu anayejifanya hayapo, anayesema nia tu inatosha, naye anajihadaa vilevile. Mguu umekatwa. Mtaro hauna mfuniko. Kumwambia mtu aliye katikati ya hayo kwamba akiamua kuinuka atainuka ni kufuta nusu ya hali yake mbele ya macho yake, na kugeukia kwake ukutani kulikuwa jibu la haki kabisa.

Merleau-Ponty mwenyewe aliona rafiki yake Sartre ameupa uhuru nguvu zisizo na miguu ya kusimamia. Naye Simone de Beauvoir, mwanafalsafa Mfaransa mwenzao, kwenye kitabu chake cha maadili cha mwaka 1947, alisema neno ambalo ningependa lisomwe kwenye kila darasa la ushauri nasaha nchini: uhuru wangu unahitaji uhuru wa wengine, na mtu anaweza kuzibiwa mlango wa kesho na watu wanaomzunguka mpaka uhuru wake ukabaki unazunguka hapo hapo alipo. Hao watu ni sisi. Nyumba inayojadili kuuza pikipiki yake yeye akiwa chumba cha pili, ikisikika kwenye ukuta wa tofali moja, inamfungia mlango. Dada anayemwandika kwenye daftari la mtihani bila kumwomba anamfungia mlango mwingine. Nakwambia hili kwa upendo: usimtumie kama mfano wako mpaka umwombe, umsomee utakachoandika, naye apate nafasi ya kusema "hapa sivyo". Akikataa, tafuta mfano mwingine. Akikubali, utakuwa na kazi bora kuliko ya yeyote darasani, kwa sababu itakuwa imesahihishwa na mwenye habari yake.

Umeuliza kama haya ni ya Wazungu. Yalianzia kwao, ndiyo, na yameandikwa kwa majina yao. Lakini Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapo Mlimani, aliyaingiza maswali haya haya ya maana ya kuishi, uhuru na upweke kwenye riwaya za Kiswahili tangu miaka ya 1970, na wasomaji wake hawakuhitaji kwenda Paris kuyaelewa. Hata hivyo usichukue kila kitu. Udhanaishi wa Sartre unamwona mtu akiwa peke yake mno. Kwetu uamuzi wa kijana unapita kwa mama Kilwa, kwa shemeji, kwa waliochanga hesabu ya mwisho ya bosi, na yeye mwenyewe hangetaka iwe vingine. Kwa hiyo mama asidharauliwe. Kama mdogo wako mwenyewe anataka kwenda Kilwa kusomewa dua na mama yake, aende, na dawa za hospitali aende nazo. Kama hataki, asipelekwe. Mpe simu aongee naye mwenyewe, badala ya habari zake kupita kwako kila siku.

Kuna kitu Sartre alikisimulia kwenye mhadhara wake wa Paris, Oktoba 1945, nami nakishika sana kwenye kazi hii ya kujibu barua. Wakati wa vita mwanafunzi wake mmoja alimjia. Kaka yake alikuwa ameuawa kwenye mashambulizi ya Wajerumani ya mwaka 1940. Alitaka kutorokea Uingereza akapigane, lakini mama yake alikuwa amebaki naye tu. Sartre hakumwambia baki wala nenda. Alimwambia yuko huru, achague. Akaongeza kwamba hata kumchagua mshauri ni uamuzi tayari, kwa sababu unapokwenda kwa padri, kwa kiasi fulani unajua atakachokwambia. Wewe hukuniandikia mimi kwa bahati mbaya, mwanangu. Ungetaka kuambiwa auze, ungemsikiliza mumeo. Ungetaka kuambiwa apelekwe Kilwa, mama yupo. Nadhani ulikwisha kuamua kumtetea mdogo wako na ulikuwa unatafuta maneno. Lakini mimi sitaishia alipoishia Sartre. Mtu aliyekuja na mzigo hatumtupi, tukamwambia chagua, tukafunga mlango.

Basi haya ni ya wiki hii.

Maumivu ya usiku yapelekwe kwa daktari, yasisubiri falsafa. Maumivu ya kiungo kilichokatwa yana dawa zake, na yana mazoezi, likiwemo la kioo ambalo V. S. Ramachandran alilianzisha Marekani miaka ya 1990: mgonjwa anatazama mguu mzima ukijitokeza kwenye kioo upande ule uliokatwa, anauchezesha, na kwa baadhi ya watu maumivu hupungua. Ulizeni taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, au CCBRT Msasani, na siku hiyo hiyo muulizie mguu bandia. Amekatwa chini ya goti, na goti likiwepo kutembea na mguu bandia ni rahisi zaidi kuliko kwa aliyekatwa juu yake. Aongee na daktari yeye. Wewe kaa pembeni, hata daktari akikutazama wewe wakati wa kueleza. Na akianza kusema heri angekufa, au akaacha hata hiyo pikipiki, akaacha kula, usinisubiri mimi wala mwisho wa mwezi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na usimwache peke yake.

Kuhusu kazi, nitakwambia jambo moja nalo ulitunze kwanza. Kwenye bajaji gia iko mkono wa kushoto na breki iko mguu wa kulia. Mguu wa kushoto hauna kazi. Mdogo wako anaijua habari hiyo kuliko mimi, amekaa vijiweni miaka. Swali ni kama anaiona bajaji kama barabara nyingine au kama "chombo cha walemavu" ambacho watu watamwona nacho Rangi Tatu. Sartre alisema jabali mlimani si kikwazo wala si msaada mpaka awepo mtu anayetaka kupanda au kupita. Bajaji nayo haina maana yake yenyewe. Itaipata kwa anachotaka yeye, na anachotaka hajaulizwa tangu masika ya mwaka jana. Wenzake wa kijiweni wakija kukaa naye uani, ukawapa chai ukaondoka, huenda jambo hilo likazungumzwa bila wewe. Kama bado hawaji, mpigie mmoja wao, umwambie aje na pikipiki yake, wala asije kutoa pole.

Mumeo naye ana haki ya kusikilizwa. Madeni ni ya kweli, na mwanaume anayebeba nyumba ya watu wengi Mbagala anachoka. Nakuomba umuulize naye ikoje, kama utakavyomuuliza mdogo wako, kabla hujamjibu. Kisha kaeni watatu, deni litajwe kwa tarakimu mbele ya mdogo wako, naye aseme pikipiki aifanyeje: aipe dereva kwa hesabu, aiuze akanunue kingine, au ibaki uani kwa sasa na deni litafutiwe njia nyingine. Mkishindwa kukubaliana mbaki na hili: kadi ina jina lake, na pikipiki isitoke getini bila mkono wake kwenye karatasi.